Nilivyoandika Historia ya Jengo la Kwanza la Kijiji Chetu

Jengo ambalo kijiji chetu kinaliita Ofisi ya Zamani lilikuwa na vyumba vitatu, milango miwili iliyotazama mashariki, kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati lililokwisha kuliwa na kutu. Serikali ya kijiji ilipoamua libomolewe ili mahali pake pajengwe jengo jipya, wazee wachache walisimama katika mkutano mkuu wakasema kwamba haifai jengo la kwanza la umma la kijiji liondoke bila kuandikwa popote jinsi lilivyopatikana. Mkutano ulikubali, ukaagiza kibao cha zege kiwekwe kwenye jengo jipya kueleza habari za lile la zamani, kisha watu wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimestaafu kwa hiari mwaka uliotangulia, baada ya kufundisha historia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wazazi wangu walikuwa miongoni mwa kaya za kwanza kuhamia pale. Nilikubali bila kusita, nikitarajia kuimaliza kazi hiyo katika majuma mawili. Ilinichukua miezi kumi na minne, na maneno yaliyofika kwenye kibao hayafiki thelathini.

Kijiji chetu kimo mkoani Dodoma, na kama vijiji vingi vya mkoa huo kilizaliwa katika Operesheni Dodoma, iliyoanza mwaka 1970 na kushika kasi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo Wagogo wa eneo letu waliishi kwa kutawanyika, kila kaya na tembe yake, zizi lake na mashamba yake ya uwele na mtama, na mbwa wa jirani ungemsikia akibweka usiku lakini jirani mwenyewe usingemsikia akiita. Hoja ya serikali ilikuwa imetolewa tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza kazi ya urais wa Jamhuri ya Tanganyika: watu wanaoishi mbalimbali namna ile ni vigumu kuwapelekea shule, maji na matibabu, wala hawawezi kushirikiana katika kilimo cha zana za kisasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hoja hiyo ikawa siasa ya Ujamaa Vijijini, na Dodoma, mkoa wa ukame na njaa za mara kwa mara, ukawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishwa kwa operesheni. Mwalimu mwenyewe alipiga kambi Chamwino akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Nilikuwa na umri wa miaka saba tulipohama, na ninachokikumbuka zaidi ni kuku wetu waliofungwa miguu, wakining'inia kwenye mti begani mwa kaka yangu.

Nikiwa mwalimu wa historia, nilianzia kwenye karatasi. Mtendaji wa kijiji alinifungulia kabati la chuma nikatoa madaftari ya mihutasari, la zamani kuliko yote likiwa la mwaka 1976. Jambo hilo halikunishangaza, kwa kuwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ndiyo iliyovipa vijiji nafasi ya kuandikishwa kisheria, kila kimoja na halmashauri yake ya wajumbe wasiozidi 25, na halmashauri inapokuwapo ndipo panapokuwa na mihutasari. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba kikao kilifanyika "ndani ya jengo la ofisi", kwa hiyo jengo lilikuwapo tayari. Yote yaliyotangulia yalikuwa mikononi mwa tawi la TANU, na daftari la tawi hakuna aliyejua lilikokwenda. Nilisafiri hadi makao ya wilaya, nikakaa siku mbili kwenye benchi la ofisi moja nikisubiri jalada ambalo kila aliyeulizwa alisema liko kwa mwenzake. Siwalaumu sana. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya ziliondolewa, zikarudishwa mwaka 1984, na katika miaka hiyo kumi na miwili majalada yalihama kutoka ofisi hadi ofisi pamoja na makabati, na wakati mwingine bila makabati. Mtu anayetafuta habari za kijiji kilichozaliwa katika kipindi hicho atafute kwanza wazee wake, maana wao ndio waliobaki mahali pamoja.

Nilirudi nyumbani nikaandaa maswali kumi na mawili, nikayapiga chapa, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Swali la kwanza lilikuwa jepesi kwa macho yangu: jengo la Ofisi ya Zamani lilijengwa mwaka gani? Mwenyekiti mstaafu alijibu 1972, kwa sauti ya mtu ambaye ameshajibu swali hilo mbele ya wageni mara nyingi. Mzee aliyekuwa balozi wa nyumba kumi alisema 1971. Fundi mmoja wa zamani aliapa kwamba ni 1976, kwa kuwa yeye ndiye aliyepigilia misumari ya bati. Jirani yangu, mama wa kanisa, alisema lilijengwa baada ya njaa, na njaa aliyoikusudia ni ile ya mwaka 1974, tulipokula unga wa njano uliotoka nje ya nchi. Nilikuwa na majibu manne kwa jengo moja, nikafanya kosa ambalo ningemsahihisha mwanafunzi wangu yeyote kwa wino mwekundu: nilianza kutafuta ni nani kati yao anayesema kweli. Nilimrudia kila mmoja nikamweleza alivyosema mwenzake, na matokeo yake wawili wakanuniana kwa mwezi mzima.

Aliyenitoa katika shimo hilo ni bibi mmoja ambaye sikuwa nimepanga kumhoji, kwa kuwa hakuwahi kushika wadhifa wowote kijijini. Nilimkuta akipepeta uwele, nikamwamkia, nikatoa karatasi yangu. Aliisikiliza hadi swali la nne, akaweka ungo chini.

"Mwanangu," alisema, "mambo ya mwaka niulize nitakudanganya. Mimi miaka sikuihesabu. Niulize nilibeba nini."

Nikamuuliza alibeba nini. Alisimulia tangu saa nne asubuhi hadi jua likaanza kuinama, bila kutaja mwaka hata mmoja, na nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikuwa na mfuatano kamili wa ujenzi ambao miezi mitatu ya maswali yangu haikuupata. Kwanza alibeba fito na kamba za magome kutoka porini, wakati wanaume walipokuwa wakibeba nguzo zenye panda. Kisha alibeba udongo wa kukandika kuta, na udongo mwingine wa kuezeka, kwa kuwa jengo la kwanza lilikuwa tembe kama nyumba nyingine zote za Wagogo, lenye paa bapa la udongo juu ya maboriti na fito. Muda mrefu ukapita. Halafu alibeba maji ya kufyatulia matofali, halafu kuni za tanuru, halafu matofali yenyewe kutoka tanuruni hadi kwenye msingi, matano matano kichwani. Bati hakubeba. Bati zilikuja kwa lori, wakati huo yeye alikuwa amelala na homa.

Wale wazee wanne, basi, walikuwa wamenijibu sawasawa. Balozi alinipa mwaka wa tembe na fundi akanipa mwaka wa bati. Mama wa kanisa alikuwa akizungumzia kuta za matofali. Mwenyekiti mstaafu, nilipomrudia kwa mara ya tatu na kumuuliza alibeba nini mwaka 1972, alifikiri kidogo akacheka: hakubeba kitu, alikuwa ameshika bendera, siku tawi la TANU lilipofunguliwa.

Tangu siku hiyo niliyatupa maswali kumi na mawili nikabaki na moja. Nimegundua kwamba mtu anayeulizwa mwaka hutoa mwaka aliousikia kwa wengine, lakini anayeulizwa uzito uliokuwa kichwani mwake hurudi kwenye njia yenyewe, akakumbuka alipumzika chini ya mti gani na nani alimtwisha. Vyombo navyo vina tarehe zao. Waliobeba maji ya kukandika tembe walitaja vibuyu na mitungi, na wachache walitaja debe. Waliobeba maji ya matofali walitaja madebe kwa wingi, yale ya mafuta ya taa yaliyopigiliwa kipande cha mti katikati kiwe mshikio. Aliyetaja ndoo ya plastiki nilijua anazungumzia jengo jingine la baadaye, nikamwacha amalize kwa heshima kisha nikamrudisha nyuma polepole.

Nitakaa kidogo kwenye maji, kwa sababu nadhani ndiyo habari yenyewe ya jengo hili. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wakati wa mvua maji yapo, lakini tofali bichi halikauki, na likinyeshewa kabla ya kuingia tanuruni linarudi kuwa tope. Isitoshe, huo ndio wakati wa kulima, na hakuna atakayeacha palizi ya uwele akafyatue matofali. Kazi ya matofali huanza mavuno yakishaingia ghalani, Juni au Julai, wakati jua ni kali, upepo ni mkavu, watu wana nafasi, na maji yamekwisha. Ujenzi wa matofali katika nchi kama yetu hudai maji mengi katika miezi ileile ambayo hayapo. Korongo lililo karibu na kijiji lilikuwa mchanga mtupu kufikia Julai. Wanawake walichimba mashimo mchangani, wakasubiri maji yachuruzike, wakayateka kwa kata moja moja hadi debe lijae, na kila walivyoteka shimo likazidi kwenda chini. Walianza alfajiri ili wapate mapema maji ya nyumbani na ya ndama, kisha ndipo yaje ya matofali. Hakuna kiongozi aliyenieleza habari hii kabla sijaiuliza, ingawa kila mmoja wao aliniambia bila kuulizwa idadi ya vyumba na upana wa milango.

Nilitaka kujua ni maji kiasi gani, na kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu yoyote niliamua kupima. Nilimwomba fundi na vijana watatu tufyatue matofali mia moja kwa kalibu ya mbao yenye ukubwa wa tofali la Ofisi ya Zamani, kwa udongo uleule wa pembeni mwa kichuguu, bila kutumia pampu. Tulimaliza madebe sita, tukiwa waangalifu. Nilihesabu matofali ya jengo kwa mistari, nikatoa milango na madirisha, nikapata kama elfu saba. Kwa hesabu hiyo matofali peke yake yalihitaji zaidi ya madebe mia nne, kabla ya udongo wa kujengea na kabla ya matofali yaliyovunjika, ambayo fundi aliniambia hayakosekani. Vijana walionisaidia walikuwa wamechoka kwa matofali mia moja, na maji yao yalitoka bombani hatua ishirini tu kutoka hapo.

Baada ya hapo ilikuja zamu yangu ya kusahihishwa. Tangu utotoni nilikuwa na kumbukumbu moja ninayoipenda, ambayo nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi nilipofundisha habari za vijiji vya ujamaa: mimi, mtoto wa miaka saba, nikipeleka maji kwenye ujenzi wa ofisi kwa ndoo ndogo nyekundu, na mwanamume mwenye kofia akinipigapiga begani akisema nimelijenga taifa. Nilipomsimulia bibi yule, alinitazama kwa huruma. Alisema mwaka tuliohama hakuna mtoto wa kijiji kile aliyekuwa na ndoo nyekundu wala ya rangi yoyote. Ndoo za plastiki alianza kuziona zikipita barabarani wakati wa kujenga nyumba ya mwalimu, na mimi alinikumbuka pale vizuri, nimeshakuwa mvulana mrefu na mvivu. Nyumba ya mwalimu ilijengwa mwaka 1977, kiangazi kilichotangulia kuanza kwa elimu ya msingi kwa wote mwezi Novemba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimwandikia dada yangu mkubwa, akajibu kwamba ndoo nyekundu ilikuwa yake, na kwamba mwaka tulipohama mimi nilipewa kibuyu kidogo nikakivunja siku ya kwanza. Sijui ni lini kichwa changu kiliichukua ndoo ya nyumba ya mwalimu na kuipeleka kwenye ofisi, wala ni lini kilinirudisha kwenye umri wa miaka saba. Najua tu kwamba ningekuwa nimeulizwa na mtu mwingine, ningeliapia jambo hilo.

Ushahidi wa mwisho ulitolewa na jengo lenyewe. Niliomba ruhusa fundi abandue lipu kabla ya kubomoa, taratibu, ukuta kwa ukuta. Chini ya tabaka kadhaa za chokaa katika chumba cha kati zilitokea herufi za kijani, T na A na sehemu ya N, jambo lililothibitisha kwamba lipu ile ilipigwa kabla ya tarehe 5 Februari 1977, siku TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kilichokuwa juu ya milango. Badala ya linta ya zege au ubao uliopasuliwa kiwandani, kila mlango ulibebwa na gogo zito lililochongwa kwa shoka, jeusi kwa moshi, na gogo la mlango wa pili lilikuwa bado na panda yake, imezikwa ndani ya matofali. Fundi alisema ni mpingo. Nguzo yenye panda haina kazi yoyote katika ukuta wa matofali. Kazi yake ni kushika boriti la paa la tembe, na moshi ule haukutoka katika ofisi ambayo haikuwahi kuwa na jiko.

Nilimchukua balozi mzee kwa baiskeli nikamleta aone. Alipapasa panda ile kwa kidole gumba muda mrefu. Alieleza kwamba walipoibomoa tembe hawakutupa nguzo, kwa kuwa mpingo hauguswi na mchwa na walikuwa wameubeba kutoka mlimani, mwendo wa nusu siku. Moshi ulitokana na wagonjwa na wageni waliolazwa mle ndani wakiwashiwa moto usiku. Jengo la kwanza la umma la kijiji chetu, lile ambalo halimo katika mihutasari wala katika hotuba za mwenyekiti, lilikuwa limesimama ndani ya la pili kwa miaka yote hiyo, na sisi tukipita chini yake kila tulipoingia kuomba barua ya utambulisho.

Kwa hiyo nilianza upya, safari hii nikiuliza habari za tembe. Watu waliikumbuka kwa matumizi yake kuliko kwa umbo lake. Ilikuwa ghala la mbegu, mahali pa kusuluhishia kesi za ng'ombe walioingia shambani, kituo cha mganga aliyekuja mara moja kwa mwezi, na jioni ilikuwa darasa la ngumbaru, maana mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na kila kijiji kilitakiwa kuwa na kisomo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa kwa vipindi vya Redio Tanzania na vikundi vya kusikiliza, ambavyo nchi nzima vilikusanya watu takriban milioni mbili, kikundi chetu kilikutana ndani ya tembe. Mama wa kanisa aliniambia kwamba mbuzi walipenda kupanda juu ya paa, na kila walipopita udongo uliwadondokea wasikilizaji, kwa hiyo mtu mmoja alipewa kazi ya kuifunika redio kwa khanga na mwingine kazi ya kufukuza mbuzi. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaongeza kwamba baada ya vipindi vile walichimba vyoo kweli.

Mwaka wa kuta za matofali ulipatikana kwa mtoto. Bibi alikuwa amesema alibeba maji ya matofali akiwa na mtoto wake wa nne mgongoni, bado hajatambaa. Mtoto huyo sasa ni mwanamume mwenye wajukuu, na cheti chake cha ubatizo kinaonyesha alibatizwa akiwa mchanga, wakati wa Pasaka ya mwaka 1975. Kiangazi chake cha kwanza ni cha mwaka huo. Mama wa kanisa alilithibitisha kwa njia yake: mtihani wa kisomo uliofanyika nchi nzima Agosti 1975 yeye aliufanyia chini ya mti, kwa sababu tembe ilikuwa imeshabomolewa na kuta mpya zilikuwa zimefika kifuani. Alifaulu, na cheti anacho.

Kufikia hapo nilidhani nimemaliza, nikaandika maneno ya kibao: jengo la kwanza la umma, tembe, 1971, jengo la matofali, 1975, lilijengwa kwa nguvu za wananchi waliojitolea kwa hiari yao. Nilisoma mbele ya mkutano mkuu na watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, ambaye alikuwa amekataa kuhojiwa mara mbili, alinyoosha fimbo yake akaomba neno "hiari" liondolewe.

Mwenyekiti wa sasa, kijana wa miaka arobaini, alimwomba aeleze. Mzee alisema yeye hakujitolea, aliitwa. Baba yake alikuwa na mifugo mingi na shamba lenye mbolea ya zizi la miaka mingi, wakaviacha, wakapewa kiwanja cha hatua kadhaa. Siku za kazi za kijiji zilipangwa, asiyefika alitozwa faini, na asiyekuwa na fedha alitozwa kuku. Hakuna aliyempinga. Niliyajua mambo haya, nilikuwa nimeyafundisha: kwamba siasa ilianza kwa kushawishi, na kwamba Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba mahali pengi nyumba za zamani zilibomolewa ili wenyewe wasirudi. Niliyafundisha kama habari za nchi, ubaoni, lakini nilipofika kwenye jengo letu wenyewe niliandika "hiari" bila kalamu kusita. Nadhani ni kwa sababu ya ndoo nyekundu. Baada ya mkutano wanawake wawili walinijia wakasema wao walipenda kwenda, walipenda kisomo, na kwamba korongoni asubuhi ilikuwa mara ya kwanza maishani mwao kuwa na majirani wa kuzungumza nao kila siku. Bibi wa uwele alisema yote mawili ni kweli na kwamba siku nyingine yalikuwa kweli kwake siku hiyohiyo.

Tuliondoa neno hilo, tukaandika "lilijengwa na wananchi". Kibao kilipofika kutoka kwa fundi wa zege kilikuwa na mwaka 1972, kwa sababu mtu fulani alimpa namba aliyoizoea kabla mkutano haujaamua, na fedha za kutengeneza kingine hazikuwapo. Nilikasirika kwa siku chache. Kibao kimewekwa, kimepakwa rangi, na wageni wanaofika hupiga picha mbele yake. Magogo mawili ya mpingo nilifanikiwa kuyaokoa, nayo yanashika paa la kibaraza cha jengo jipya, lile lenye panda likiwa upande wa mashariki, ambako mtu anaweza kuliona akitaka.

Maelezo marefu niliyaandika kwa mkono katika daftari kubwa linalokaa katika kabati la mtendaji. Kurasa za nyuma niliziacha wazi, zikiwa na mistari miwili tu: jina, na alichobeba. Sasa tumo katika daftari la tatu. Wengine huja wenyewe, wengine huleta habari za marehemu mama zao: kuni mizigo mitatu, fito, udongo wa paa, matofali hayana idadi, maji alfajiri na mtoto mgongoni. Mzee wa fimbo alikuja msimu uliopita, akakaa kwenye benchi hadi watu wengine walipoondoka, akamwomba mtendaji amwandikie kwa kuwa macho yake hayaoni tena vizuri. Alitaja jina lake na la baba yake. Kisha akasema: nguzo moja, ya panda, kutoka mlimani, andika kwamba sikutaka.